Unakodisha gari au pikipiki kwa wageni Moshi na Arusha? Soma hii kabla hujatoa funguo

Kila mgeni akipata ajali huku kwetu, kikao kinachofuata mtaani ni cha kusema magari na pikipiki za kukodi zimezidi, zipunguzwe. Mi nakodisha hapa Moshi, nina RAV4 mbili na Prado moja, kwahiyo najua kuna mtu atasema huyu anatetea tumbo lake, sawa, ila mimi mwenyewe nilishapunguza bila kulazimishwa na mtu. Nilikuwa na pikipiki nne za kukodisha nikauza zote. Kilichotokea baada ya hapo ndo kimenifanya niandike huu mwongozo, uwe unakodisha tayari, unataka kuanza, au uko kwenye kamati ya mtaa na mnataka kuweka utaratibu.

Pikipiki ya mwisho ilienda Chemka, kwenye zile chemchemi za kuogelea. Anayeijua ile barabara ya kutoka Boma Ng'ombe kwenda Rundugai anajua kiangazi ikoje, vumbi linakuwa kama unga wa sembe, linajaa kwenye mashimo mpaka barabara inaonekana tambarare kumbe chini kuna shimo la kumeza tairi. Mgeni wangu, binti wa miaka kama 25, alifunga breki ya mbele akiwa kwenye kona na tairi ya mbele ikazama. Nilimkuta amekaa chini ya mgunga, goti limepasuka, mkono wa kushoto ameupakata, na helmeti aliyokuwa amevaa imekwaruzika upande mzima kama imepigwa msasa. Kulikuwa na mama mmoja anammwagia maji kwenye kidonda kwa kikombe cha plastiki, akaniuliza taratibu tu, "Baba, huyu mtoto ulimuuliza kama anajua kuendesha?" Nikamjibu ana leseni mama. Akasema, "Sijakuuliza leseni."

Leseni yenyewe ilikuwa ya gari. Niliangalia jina na picha, sikuangalia daraja. Hilo kosa ni langu na sijawahi kulitupia mtu mwingine.

Basi nikauza pikipiki. Sa unajua wageni walifanya nini? Hawakuacha kwenda Chemka wala maporomoko ya Materuni. Walienda kwa machalii wa bodaboda, wakapewa pikipiki ya mtu ya kazini kwa siku nzima, helmeti moja ambayo mkanda wake ulishakatika zamani, hamna karatasi, hamna kujaribu, na wengine nikawa nakutana nao barabarani wamepanda mshikaki, wageni wawili na begi katikati. Kwenye daftari langu ajali ya pikipiki ikawa sifuri. Barabarani haikuwa sifuri hata kidogo.

Kwahiyo swali la kwanza kabla hujapunguza chochote ni hili, huyu mgeni akikosa hiki atapanda nini? Akikosa RAV4 akachukua gari na dereva, au akapanda Kosta akafika, hapo umepunguza hatari. Akikosa RAV4 akachukua pikipiki, umeongeza. Kisiwa cha Bermuda ni mfano mzuri, miaka mingi sheria yao haikuruhusu mtalii kukodi gari la kawaida, wakabaki na skuta, na watalii wakawa wanaumia na zile skuta kwa kiwango kikubwa kuliko wenyeji, mpaka 2017 ndo wakaanza kuruhusiwa kukodi vigari vidogo vya umeme vya watu wawili. Na ukisikia mtu anatolea mfano Ibiza kule Hispania, kwamba mwaka 2025 wameweka kikomo cha magari kuingia kisiwani msimu wa kiangazi, muulize waliweka kwa sababu gani. Ilikuwa foleni na msongamano. Foleni na ajali ni vitu viwili, tena gari likiwa kwenye foleni halina hata spidi ya kuua mtu.

Pili, hesabu. Usiende kwenye kikao na maneno ya "ajali zimezidi", nenda na kaunta buku. Chora mistari, tarehe, saa, mahali, chombo gani, nani alikuwa anaendesha (mgeni, dereva wetu, bodaboda), nani kaumia, kulikuwa na mvua au vumbi, na leseni ya daraja gani. Majina usiandike, ya nini, unahesabu tu. Ongea na madereva wenzio, mafundi wa bodi za magari na watu wa gereji, hao ndo wanajua gari gani limeingia limebonyea ubavu, na bodaboda wa kijiwe wanajua kila aliyeanguka wiki hii. Ukimaliza miezi kadhaa ndo utaona vitu ambavyo hukuvitegemea.

Kuna mtego kwenye hii hesabu na watu wengi wananasa. Wageni wetu wana msimu, kuanzia Juni mpaka Oktoba wamejaa, Desemba mpaka Februari wamejaa, Aprili na Mei ni masika, mahoteli matupu. Sasa kamati ikikaa Machi ikazuia kukodisha, Mei ikahesabu ikasema "mmeona, ajali zimeisha," hapo haijathibitisha kitu chochote, wageni wenyewe hawapo. Linganisha Julai na Julai ya mwaka jana. Na usihesabu ajali peke yake, hesabu na siku ambazo vyombo vilikuwa nje, manake ajali mbili kwenye siku 400 za kukodisha sio sawa na ajali mbili kwenye siku 60. Tena hizi sheria huwa zinawekwa baada ya mwezi mbaya sana, mwezi mbaya kwa kawaida unafuatiwa na mwezi wa kawaida hata msipofanya kitu, af sifa inaenda kwa sheria.

Alafu tuwe wakweli kuhusu barabara zetu zinaua kwa namna gani. Rhotia kule Karatu, Mei 2017, basi la wanafunzi liliingia korongoni, mkoa mzima wa Arusha ulilia. Ngaramtoni, tarehe 24 Februari 2024, lori liligonga magari mengine na watu 25 wakafariki, wakiwemo raia wa kigeni. Sabasaba kule Same, Juni 2025, basi na Kosta ziligongana. Hakuna hata moja hapo ambayo ingezuiwa kwa kupunguza RAV4 za kukodi. Sisemi haya ili tujitoe lawamani, nasema ili ukiwa kwenye kikao usikubali watu waondoke wamepunguza magari matano ya kukodi wakaamini wamemaliza kazi huku malori yanashuka na breki mbovu.

Lakini kuna ajali ambazo ni za kwetu sisi wakodishaji, na hizo tunaweza kuzipunguza bila kusubiri mtu. Ndo sehemu inayobaki.

Anza na mtu. Leseni igeuze, soma daraja. Kwetu pikipiki ni A, gari dogo ni D, zao zina herufi zao, za Ulaya nyingi zina picha ndogo ya chombo nyuma, kwa hizo kama hakuna picha ya pikipiki yenye tarehe mbele yake basi hana. Angalia imetolewa lini. Muulize kwao anaendesha gari gani, otomatiki au manyuo, na lini mara ya mwisho kaendesha, kuna watu wanaishi London au New York wana leseni miaka kumi na hawagusi usukani, wanapanda treni. Mtu kama huyo sio mbaya, ila usimpe Prado manyuo yenye hema juu.

Af kitu ambacho nadhani ni Moshi tu mtanielewa vizuri, muulize kama katoka mlimani. Mtu aliyepanda Kilimanjaro, ile siku ya kilele anaamshwa usiku wa manane, anatembea gizani mpaka mita 5,895, anashuka siku hiyohiyo maelfu ya mita, kesho yake anamalizia kushuka getini na kupewa cheti, na jioni anakuja kwako anataka gari la kwenda Arusha "sasa hivi". Anacheka, ana furaha, na hajalala usingizi wa maana siku tano sita. Magoti yanatetemeka kwenye klachi. Mimi simpi, hata alipe mara mbili, namwambia lala, kesho saa mbili asubuhi gari lako lipo hapa limeoshwa. Hivyohivyo kwa anayeshuka KIA na ndege ya usiku. Usimpelekee funguo uwanjani usiku, mpelekee dereva amlete mjini, funguo asubuhi.

Mkono wa kushoto sasa. Mjerumani, Mfaransa, Mmarekani, Mholanzi, wote kwao wanaendesha kulia. Watu wanadhani shida inatokea kwenye msongamano, hapana, kwenye msongamano anafuata gari la mbele. Anapotea barabara ikiwa tupu. Asubuhi anapoanza safari, anapotoka sheli, anapokata kona kutoka barabara ya vumbi kuingia lami, na akishtuka, yani ng'ombe akimkatiza ghafla mikono inamrudisha upande wa kwao. Kingine kidogo lakini kina maana, haya magari yetu ya Kijapani indiketa iko mkono wa kulia wa usukani na waipa kushoto, magari ya kwao ni kinyume. Kwahiyo anataka kukata kulia, waipa zinaanza kufuta kioo kikavu, yeye anaangalia waipa anatafuta pa kuzimia, na nyuma yake kuna bodaboda anamuovateki kwa sababu hajaona indiketa. Nimekaa naye ndani ya gari nikaliona hilo kwa macho yangu sio mara moja.

Dawa yake sio kumpa karatasi ya maelekezo. Panda naye nusu saa. Mimi natoka naye uani, tunaingia sheli na kutoka, tunazunguka kipilefti cha YMCA mara mbili, nakwenda naye Kiborloni tunageuza, tunarudi. Waipa zikiwaka zaidi ya mara mbili tunarudia. Asiyetaka hiyo nusu saa simpi gari, na nimeshapoteza wateja kwa hilo.

Njiani mfundishe lugha ya barabara yetu manake haiko kwenye kitabu chochote alichosoma. Majani au matawi yamelazwa barabarani maana yake mbele kuna gari limeharibika, punguza. Lori mbele yako likiwasha indiketa ya kulia mara nyingi anakwambia usipite kuna gari linakuja, ya kushoto anakwambia pita, lakini mwambie asiamini hiyo indiketa kuliko macho yake, kuna wakati dereva kweli anakata kona kulia. Kwenye makazi ni 50, na mwisho wa 50 hauko kwenye nyumba ya mwisho, uko kwenye kibao. Matuta ya Moshi hadi Arusha mengine hayana rangi. Na trafiki wenye tochi za kupima spidi wapo, sawa, ila mwambie sababu ya kweli ya 50 ni kwamba watoto wa shule wanavuka Kwa Sadala, Kikatiti, Maji ya Chai, na hawavuki kwenye zebra peke yake. Shirika la Afya Duniani wanasema mwendo wa wastani ukipanda kwa asilimia 1 tu, hatari ya ajali ya kuua inapanda kama asilimia 4. Wageni wanapenda namba, hiyo huwa wanaikumbuka.

Usiku ni marufuku na hapa usilegeze. Jua letu linazama kama saa 12 na nusu jioni mwaka mzima, hamna ile jioni ndefu ya kwao, mtu kashangaa dakika ishirini giza limeingia. Baada ya hapo kuna tela lisilo na taa nyuma, ng'ombe wanaorudi, baiskeli imebeba majani, pikipiki yenye taa moja ambayo unadhani ni gari limeharibika taa ya pili, na wenzetu wanaopiga fulu mpaka huoni mbele. Mimi kwenye mkataba nimeandika saa 12 jioni gari liwe limepaki, bila kujali liko wapi, na nimefunga traka, linapotembea saa moja usiku simu yangu inalia nampigia. Simgombezi, namuuliza uko wapi, kuna hoteli gani karibu, lala hapo. Traka hiyohiyo inanionyesha spidi. Mabasi ya mikoani yana VTS, yani mfumo wa kufuatilia mwendo, wa LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, sisi wa magari madogo hakuna anayetulazimisha, lakini kifaa chenyewe sio bei ya kukutoa roho.

Rafu nako. Gari lenye hema juu ya paa, jeri kani mbili na mabegi linakuwa zito juu, na mgeni ambaye kwao kote ni lami hajui kwamba kwenye changarawe ukikata usukani ghafla ukiwa na 80 linapinduka lenyewe bila kugongana na mtu. Namwambia 60 mwisho, kwenye mawimbi, yani vile vijituta vya changarawe vinavyotikisa gari, ya kuelekea Serengeti punguza upepo wa tairi kidogo, na likianza kuteleza usikanyage breki kwa nguvu, achia mafuta, shika usukani. Kwenye miteremko, ule wa kurudi Mto wa Mbu kutoka Karatu au ukishuka kutoka Marangu, gia ndogo, acha injini ishike gari, breki zikianza kunuka simama. Masika udongo mweusi usiingie kabisa, hata uwe na 4x4 kiasi gani.

Gari lenyewe naenda haraka manake hii mnaijua, tairi zisiwe zile za kuchongwa, spea iwe na upepo, mikanda ya nyuma isiwe imefukiwa chini ya siti (nendeni mkaangalie zenu sasa hivi, nyingi zimefukiwa), bima kubwa na sio ile ndogo, namba ya 112 kwenye stika ya dashibodi. Akigonga na kuna aliyeumia, kwanza mtu afike hospitali, PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi, ifuate haraka, na wewe uende mwenyewe usitume kijana.

Watu wataniuliza kwanini usitoe na dereva tu yakaisha. Kwa wengi ndo njia nzuri, na kama kuna kikomo kimoja ningekiunga mkono ni mgeni asiye na uzoefu kupelekwa na dereva kuelekea Karatu na hifadhini. Ila dereva sio uchawi. Dereva aliyemaliza safari ya siku sita jana usiku, leo alfajiri umempa kundi jingine, ni sawasawa na yule mgeni aliyeshuka mlimani. Ukisema dereva, mpe na siku ya kulala, na umlipe ya kutosha asikimbizane na muda ili apate tipu.

Kwa kamati na vikundi, ushauri wangu ni huu. Kikomo cha idadi kiwekeni mwisho, anzeni na kikomo cha namna. Pikipiki kwa mwenye daraja la pikipiki tu. Helmeti mbili zenye mikanda au haitoki. Usiku hakuna. Nusu saa ya majaribio kwa kila mtu. Na hii muifanye wote kwa pamoja, mkiwemo na wale machalii wa kijiwe, waiteni kabisa kwenye kikao, kaeni nao, manake mimi nilifanya peke yangu na wateja walivuka barabara tu wakapata chombo kibovu zaidi. Wale vijana wengine ni wadogo zetu, wanahitaji ile hela ya siku, ukiwazuia bila kuwapa njia watakodisha kwa kujificha, na kinachofanyika kwa kujificha hakina helmeti. Mimi niliwapelekea helmeti zangu nne zilizobaki, za pikipiki nilizouza. Mmoja aliniambia, "Kaka, mgeni akikataa kuvaa je?" Nikamwambia mwambie hii pikipiki haiwaki bila helmeti. Kuna wawili najua wanalisema hilo mpaka leo na wageni wanavaa.

Gari likirudi, kabla hujatoa depositi, muulize mgeni kitu kimoja, wapi uliogopa? Usimuulize kama kaharibu kitu, atajificha. Muulize wapi aliogopa, uandike kwenye lile daftari. Mwaka jana baba mmoja Mholanzi, kaendesha wiki nzima hata mkwaruzo hamna, alinyamaza kidogo af akaniambia sheli ya Boma, saa moja asubuhi, barabara tupu, ametoka akashika kulia na kutembea kama mita mia mbili hivi kabla hajaona Kosta inakuja usoni, na watoto wake wawili walikuwa wamelala siti ya nyuma. Tangu siku hiyo kwenye ile nusu saa naingia naye sheli mbili sio moja, na ya pili nakaa kimya kabisa nione atashika upande gani mwenyewe.